Mkwaju wa Shule Yetu na Fundi wa Matawi

Methali yetu yasema kwamba penye miti hapana wajenzi. Mimi, baada ya miaka mingi ya kufundisha hapa Gulwe, nimeongeza neno langu moja: penye mapanga hapana waganga wa miti. Kila nyumba ina panga, na mtoto wa miaka kumi aweza kuangusha tawi. Lakini mtu ajuaye mahali pa kupitisha msumeno ili mti ubaki hai ni adimu kama mvua ya Septemba. Sisemi hivyo kwa kuwalaumu jirani zangu. Nasema kwa sababu mimi mwenyewe, mwalimu wa sayansi, niliutia mti wa shule yetu jeraha ambalo lipo hata leo, na tena siku ile niliyolitia nilijisifu.

Kwa wale wasioijua Gulwe, ni kituo cha Reli ya Kati katika wilaya ya Mpwapwa, kando ya mto Kinyasungwe. Reli ile ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Na tangu mwaka 2024 treni za umeme za reli mpya nazo zapita kwetu ziendapo Dodoma. Kiangazi chetu ni kirefu, tangu Mei hata Novemba. Mto huwa mchanga mtupu, vilima huwa rangi ya kutu, na upepo wa Agosti na Septemba hupeperusha vumbi hata mwalimu hushindwa kusoma alichokiandika ubaoni. Katika nchi ya namna hii kivuli si anasa. Kivuli ni darasa, ni baraza la wazee, ni mahali pa mgonjwa kungojea gari. Na kivuli kikubwa kuliko vyote katika kiwanja cha shule yetu ni cha mkwaju mmoja, ambao hata wazee wa kijiji huniambia waliukuta umekwisha kuwa mkubwa walipokuwa watoto.

Mwaka 2011, tawi moja la upande wa magharibi, nene kama paja la mtu mzima, lilikuwa limeinama likakaribia bati la darasa la nne. Mwalimu mkuu akaniomba niliondoe. Nikaazima shoka, nikachukua panga na ngazi, nikapanda mbele ya wanafunzi wote. Nilianza kukata kwa juu, karibu kabisa na shina, nikakata kwa nguvu. Nilipofika katikati, uzito wa tawi ukalivuta chini kabla sijamaliza, nalo likaenda na gome la shina, likilichuna kama mtu achunavyo mbuzi, mpaka karibu na kifua changu. Wanafunzi wakapiga makofi kwa kishindo kile. Mimi nikakitazama kipande kilichobaki, nikakiona kibaya. Basi nikakichonga na kukichonga hata kikawa sawasawa na shina, kama seremala alainishavyo ubao. Kisha nikapaka lami iliyosalia katika pipa la watengeneza barabara. Kesho yake nikawafundisha darasani ya kwamba lami ni dawa, maana huzuia maji na vijidudu visiingie katika kidonda cha mti. Waliandika madaftarini mwao, nami nikasahihisha kwa wino mwekundu na kuweka alama ya vema.

Yaliyofuata hayakuonekana upesi. Mwaka wa pili lami ilipasuka kwa jua. Nyuma yake maji ya mvua yakaingia na kukaa, maana sasa yalikuwa na kifuniko cha kuyazuia yasikauke. Mwaka wa nne uyoga mgumu, mfano wa sikio la mtu, ukatokeza pembeni. Halafu ubao ukalegea, ukawa kama mkate uliolowa; tundu likaingia kidole, likaingia mkono, likaingia mkono mpaka kiwiko. Nilikuwa nikipita pale kila siku, na kila siku nikajiambia kwamba mti ni mzee, na uzee hauna dawa.

Hata ikafika Septemba ya mwaka 2020. Jumamosi moja alfajiri, katika upepo mkubwa, tawi kuu lililokuwa juu ya tundu lile likavunjika, likaanguka juu ya magogo wanayokalia watoto wa darasa la nne wakati wa uji. Magogo mawili yalipasuka. Laiti ingalikuwa Jumatatu saa nne, nisingalikuwa na ujasiri wa kuandika habari hii, wala ninyi msingalitaka kuisoma.

Kamati ya shule ikakutana siku ya Jumatatu, wazazi wakaja wengi kuliko siku ya matokeo ya mitihani. Mzee mmoja akasimama, akasema, "Mwalimu, mti huu umeoza. Ukiua mtoto tutamjibu nini mama yake?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Mchoma mkaa mmoja alikuwa amekwisha kutoa bei, shilingi 150,000, na paa la choo cha wasichana lilikuwa likivuja. Mimi nilikaa kimya nyuma, maana nilijua ni mkono wa nani uliouozesha. Wakakubaliana mti ukatwe wiki ijayo. Hapo mama mmoja auzaye uji shuleni akanyosha mkono, akasema, "Wazazi wenzangu, mgonjwa hazikwi kabla hajaonwa na mganga. Upande wa Godegode yuko mzee afanyaye kazi hii ya miti. Aitwe aone kwanza. Akisema tuukate, tuukate." Wakacheka kidogo, lakini wakakubali.

Mzee yule alikuja siku ya Alhamisi kwa baiskeli, na nyuma ya baiskeli gunia lililofungwa kwa mpira. Umri wake ulipita miaka sitini, mwembamba, mikono imejaa makovu. Akatusalimu, "Mbukwenyi," tukaitikia, naye mara akatuacha akauendea mti. Aliuzunguka mara tatu, pasipo kuugusa. Mara ya kwanza alitazama chini tu: kama udongo umepasuka au umeinuka upande mmoja, kama mizizi imekatwa, kama uyoga umeota penye mizizi. Mara ya pili alitazama shina. Mara ya tatu aliinua macho juu, akakaa hivyo muda mrefu, akitafuta matawi yasiyo na majani, matawi yaliyosuguana, na mapanda yenye ufa. Ndipo akatoa katika gunia nyundo ya mti, akagonga shina kuanzia chini kwenda juu, sikio lake karibu na gome. Tuliisikia sauti ikibadilika, mahali pengine kama kugonga nguzo, mahali pengine kama kugonga ngoma.

Alipofika penye tundu alisimama. "Nani alikata hapa?"

"Ni mimi, mzee wangu," nikasema.

"Ulikata kwa haraka, au kwa kutojua?"

"Kwa kutojua."

"Basi afadhali," akasema. "Kutojua kunatibika. Lete kamba na rula, Mwalimu, tupime."

Nataka msomaji aelewe kipimo hiki, kwa maana ndicho kilichouponya mkwaju mbele ya kamati. Mimi nilidhani mti wenye uwazi ndani ni mti uliokwisha. Yule mzee aliniambia mwanzi nao una uwazi ndani, na upepo hauuvunji. Neno kubwa si ukubwa wa uwazi bali unene wa ukuta uliobaki. Tukazungusha kamba shinani, tukapata mzingo wa sentimita 330. Wanafunzi wa darasa la saba wakagawanya kwa 3.14, wakapata kipenyo cha sentimita 105, na nusu yake sentimita 52 na nusu. Watunzaji wa miti hutumia kanuni hii: ukuta mzima usipungue theluthi ya nusu ya kipenyo, yaani kwa mti wetu kama sentimita 17 na nusu. Kisha akaingiza fimbo nyembamba kwa tundu, akapapasa ndani. Nyuma ya uwazi, ubao mgumu ulizidi sentimita 40. Pande mbili za kando, kwa fimbo iliyopindwa, tulikisia si chini ya 25. Nikamwuliza kwa nini tusitoboe kwa keekee tukajua hakika. Akatikisa kichwa. "Mti umekwisha jijengea ukuta ndani, baina ya uozo na uzima. Ukitoboa, umemvunjia ukuta wake na kumwonyesha adui njia."

Shina basi lilikuwa na nguvu ya kutosha. Hatari ilikuwa juu: matawi matatu yaliyokufa, na moja zima lakini refu mno, lililobeba uzito wake wote upande wa tundu. Akaiambia kamati, "Mti huu hauhitaji kufa. Wahitaji kupunguziwa mzigo. Nipeni siku mbili na vijana wawili wenye nguvu." Ujira wake ulikuwa shilingi 60,000.

Sasa nieleze zana zake, maana alizipanga juu ya gunia kama muuguzi apangavyo vyombo vyake. Palikuwa na msumeno wa upinde kwa matawi manene. Msumeno mdogo wa kukunja, ambao meno yake hukata wakati wa kuvuta, kwa kazi ya juu ya mti ambako mkono mmoja lazima ushike. Mkasi wa kupogolea kwa vijitawi. Shoka dogo, ambalo alisema ni la kazi ya chini tu. Tupa ya kunolea. Chupa ya spiriti na kitambaa, ili kufuta meno ya msumeno atokapo katika mti mgonjwa kwenda kwa mzima. Kofia ngumu na miwani. Na palikuwa na kamba mbili za nailoni, moja nyekundu na moja nyeupe. Nyekundu ilikuwa ya kujifunga yeye, nyeupe ya kushushia matawi, wala hakuruhusu zibadilishane hata kwa dakika moja. "Kamba ya mtu si kamba ya gogo," alisema. "Gogo likiivuta kamba kwa kishindo, nyuzi za ndani hukatika pasipo kuonekana kwa nje. Siku utakayojifunga wewe ndiyo siku itakayosema." Kila asubuhi aliipitisha kamba yote vidoleni, urefu mzima, akitafuta mahali palipolegea.

Hakupanda kwa ngazi kama nilivyopanda mimi. Alifunga jiwe dogo ndani ya kitambaa, akalifunga kwa uzi, akalirusha juu ya panda kubwa lililo zima. Uzi ukavuta kamba, nayo kamba ikamvuta yeye. Vijana walipomtajia vile viatu vya miiba ya chuma wanavyovaa wapanda nguzo, akasema nguzo imekwisha kufa, haiumwi. Mti ulio hai kila mwiba huuachia kidonda. Kabla ya kupanda aliuliza kama yuko nyuki, akalikagua kila tundu kwa ajili ya koboko, akawaondoa watoto wote mpaka mbali kuliko urefu wa mti wenyewe, akaweka mawe kuwa mpaka.

Nami nikapewa kazi ya kushika kamba nyeupe, imezungushwa mara tatu katika shina la mti wa jirani ili msuguano usaidie mikono. Kutoka pale niliona kwa macho yangu lile ambalo ningalijua mwaka 2011, mkwaju wetu usingalikuwa na tundu. Tawi zito halikatwi mara moja. Hukatwa mara tatu. Kwanza, mbali na shina kama urefu wa mkono mpaka kiwiko, alikata kwa chini, kuelekea juu, akaingia kiasi cha robo tu ya unene. Pili, mbele kidogo ya pale, akakata kwa juu mpaka tawi likaachia. Nalo lilipoanguka, mpasuko ulikoma pale penye mkato wa kwanza, gome la shina halikuguswa. Tatu, kile kisiki chepesi kilichobaki, ambacho hakina uzito wa kuchuna kitu, akakikata mahali pake hasa.

Na mahali pake hasa ni wapi? Akaniita nipande ngazi nione. Penye kiungo cha tawi na shina pana uvimbe mdogo, uliozunguka chini na kando za tawi. "Tazama, Mwalimu, kama ukosi wa kanzu. Ukosi huu ni mali ya shina, si mali ya tawi. Kata nje yake. Ukiukata wenyewe umekata shina, na hapo ndipo ulipokosea. Lakini usiache nacho kipande kirefu, maana hicho kitakufa na kuoza, nao uozo utashuka kwacho kama kwa ngazi." Mimi nilikuwa nimeuchonga ukosi wote, nikidhani usawa ndio uzuri.

Baadaye nilitafuta vitabu, nikaona kwamba kosa langu lilikuwa la watu wakubwa pia. Mwingereza John Davey, aliyehamia Ohio huko Marekani, alitoa mwaka 1901 kitabu kiitwacho The Tree Doctor, na kwa kazi yake utabibu wa miti ukawa ufundi wenye wanafunzi na malipo. Katika zama zile mafundi walisafisha uozo, wakajaza saruji katika uwazi kama daktari wa meno, wakapaka lami na rangi juu ya vidonda. Kwa miaka mingi mafundi wengi walifanya hivyo. Kisha Mmarekani mmoja, Alex Shigo, aliyefanya kazi katika idara ya misitu ya nchi yake, akawa na fikira ya kupasua miti kwa urefu kwa msumeno wa injini na kutazama ndani. Aliona kwamba mti hauponi kama ngozi ya mtu. Mtu hujaza nyama mpya palepale palipoumia, mti hauwezi. Mti huifungia sehemu iliyoumia: huziba njia za juu na chini, huzuia kwenda ndani, huzuia kwenda kando, na mwisho hujenga ubao mpya kwa nje, ulio ukuta wenye nguvu kuliko zote. Habari hizo aliziandika pamoja na mwenzake mwaka 1977. Ikaonekana ya kuwa lami haizuii uozo, na saruji husugua kuta zile mti uyumbapo. Fundi wetu wa Godegode hakuwa amesoma kitabu chochote cha Shigo. Alikuwa amejifunza ujanani Dar es Salaam, akipogoa miembe na mikungu ya barabarani na miti iliyokaribia nyaya za umeme, na alikuwa amerudi mara nyingi kutazama mahali alipokata miaka iliyopita. Nadhani hiyo ndiyo siri ya elimu yake: alirudi kutazama.

Wakati wa kula alituambia habari za maisha yake. Kazi yake njema ni ya mwisho wa kiangazi, kabla majani mapya hayajatoka. Mvua haipandiwi mti, kwa kuwa gome huteleza na radi hupenda walio juu. Penye waya wa umeme hakati kabla wenye umeme hawajauzima, hata tajiri akiongeza fedha. Rafiki yake mmoja alikubali kuongezewa fedha, naye hakushuka hai. Watu wengi humwita ili akate kichwa cha mti, uwe mfupi kama fagio. Hukataa. "Mti usio na kichwa huchipua kwa hofu," alisema, "machipukizi mengi, yameshikamana kwa gome tu, yakinenepa, ndiyo yatakayomwangukia mjukuu wako." Wala haondoi zaidi ya robo ya matawi mabichi kwa mwaka mmoja, maana majani ndiyo jiko la mti. Alikosa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Nilipouliza, akasema ni siku alipofanya kazi na msumeno butu: mkali hukata unapotaka, butu huruka utakapo wenyewe. Tangu hapo hunoa kila ashukapo kunywa maji.

Jioni ya siku ya pili kazi ikaisha. Matawi manne yalikuwa chini, yamepangwa. Mengine tukafanya kuni za uji, manene tukafanya magogo mapya ya kukalia. Tundu hakulijaza kitu. Aliondoa lami yangu iliyolegea kwa vidole, akaacha ile iliyoshika, akasema pasiguswe tena. Humo ndani mlikuwa na kundi la nyuki wadogo wasiouma. Akawaacha, akisema hao ni wapangaji tu, si wao waliovunja nyumba.

Ningaliweza kuishia hapo. Lakini yule mzee alipokuwa akifunga gunia lake, aliangalia kilima kilicho nyuma ya shule, kitupu, chenye visiki tu vilivyoachwa na wachoma mkaa, akaniuliza kwa nini ninaulilia mti mmoja hali nimewapa kisogo wagonjwa elfu. Nikasema vile vimekufa. Akanichukua pamoja na watoto hadi juu, akainama penye kichaka kinachofika magotini, kilicholiwa na mbuzi pande zote. Kilikuwa mlama. Chini yake palikuwa na kisiki, na chini ya kisiki mizizi ya mti mzima, hai, yenye kufikia maji ambayo mche wowote tungaliupanda usingaliyafikia kwa miaka.

Kazi hiyo hapa kwetu yaitwa Kisiki Hai. Shirika la LEAD Foundation pamoja na Justdiggit la Uholanzi walianza kuieneza mkoani Dodoma mwaka 2018. Zamani kidogo, mwaka 1983, Mwaustralia Tony Rinaudo huko Niger, akiwa amechoka kupanda miche inayokufa, alitambua kwamba vichaka vya jangwani alivyokuwa akivipita vilikuwa miti iliyokatwa. Jinsi ya kufanya ni nyepesi: chagua kisiki chenye machipukizi, acha machache yaliyo imara na kunyoka, matatu hivi, uondoe mengine, pogoa vijitawi vya nusu ya chini, funga kitambaa kama alama, ili mwenye mifugo na mwenye panga wajue mti huu una mwenyewe, kisha utunze na kurudia. Panga hukatishwa kwa kuelekea juu, ili gome lisichunike. Niliposikia neno hilo la mwisho, nilitazama chini kwa aibu, maana ni somo lilelile la mkwaju.

Na faida yake si kuni tu. Mpwapwa, jirani yetu, katika miaka ya 1930 wataalamu walipima katika viwanja vidogo maji ya mvua yanayotiririka. Katika kiwanja kitupu, karibu nusu ya mvua yote ilikimbia, ikachukua na udongo. Katika kiwanja chenye vichaka visivyolishwa, haikufika sehemu moja kwa mia. Mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 mafuriko yaliharibu reli kati ya Kilosa na Gulwe, na safari zikasimama kwa miezi. Watu wa Gulwe waliokuwa wakiuza karanga na maji kwa abiria walikaa stesheni wakitazama reli isiyo na treni. Wahandisi wana kazi yao mtoni. Lakini maji yale mekundu, kabla hayajafika mtoni, hupita kwanza vilimani, penye visiki vyetu.

Tangu mwaka ule kila darasa la sita lina visiki vyake. Wengine wamefaulu, wengine mbuzi wamewashinda. Milama na mikungugu kadhaa sasa yapita kimo changu, na chini yake nyasi zimerudi. Mzee wa Godegode hapandi tena, magoti yamekataa. Lakini vijana wawili waliomshikia kamba mwaka 2020 ndio wafanyao kazi hiyo sasa, yeye akikaa chini katika kiti na kuwapigia kelele.

Na mkwaju? Umesimama. Kamba ya mpaka ingali upande wa magharibi, na magogo ya uji tumeyahamishia mashariki. Vidonda vile alivyokata mzee, vyenye ukosi mzima, vimezungukwa na gome jipya kama pete, na viwili vidogo vimekwisha kufunga kabisa. Langu halijafunga. Mwaka 2020 tundu lilikuwa na upana wa sentimita 31. Kila Julai darasa la saba hulipima kwa rula, nasi huandika kipimo katika daftari moja. Julai iliyopita tulipata 24. Huwaambia wanafunzi wazi ni nani aliyelikata na kwa namna gani, kisha huwafutisha lile somo la lami, kama bado limo katika daftari la kaka zao nyumbani. Mtoto mmoja alipiga hesabu, akaniambia kwamba kwa mwendo huu litafunga baada ya miaka kumi na saba. Nami nitakuwa nimestaafu zamani. Nikampa daftari alitunze.